Gitaa la Kushoto

Achieng' ameniuliza jikoni, Mutua ameniuliza mlangoni pa stoo, na wote wawili nimewajibu ngojeni nitaandika, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo mwanikata kauli kabla sijafika Msambweni. Haya, nimeandika. Someni mpaka mwisho, na mtu asirukie mbele kutafuta jina lake.

Kwa yeyote atakayeazimwa karatasi hizi na hatujui: sisi ni watu wa hoteli, Diani. Mimi Mwanamisi natandika vitanda, Achieng' yuko mapokezi, Mutua yuko baa. Kinachotuweka pamoja si kazi, maana kazini twakasirishana kila siku. Ni muziki wa magitaa wa vikundi vidogo vya Ulaya, vile ambavyo redio zetu hazivipigi, na wageni watuambia hata huko kwao havijulikani na wengi. Kanda huachwa vyumbani, au mgeni mwenye roho nzuri akatupa, nasi twanakili. Nakala ya nakala haina jina, basi vikundi twavibatiza wenyewe. Kuna Wale wa Baridi, kuna Yule Anayenong'ona, na juu ya wote kuna Wale Watatu. Jumapili twakutana chumbani kwa Mutua, Ukunda, twasikiliza upande mzima bila mtu kufungua kinywa, kisha twagombana.

Aliyetuanzishia haya ni Bakari, aliyekuwa akisafisha bwawa la kuogelea. Wageni walipopungua alisimamishwa kazi, akarudi kwao Mkwiro, mwisho wa kisiwa cha Wasini, kuzamia kamba. Mwanzo alikuwa akituma salamu. Kisha kimya. Kisha mchuuzi wa samaki akatuletea ujumbe: Bakari asema njooni mchukue kanda zake zote, yeye muziki ameacha, ametubu.

Achieng' alisema tumheshimu. Mutua alisema ziletwe faster kabla chumvi haijazila. Mimi nilikasirika, na hasira ile haikuwa ya kupinga dini, Mungu anisamehe kama niliichanganya. Bakari ndiye aliyenifundisha kusikiliza. Kabla yake wimbo kwangu ulikuwa kelele yenye maneno. Yeye alinikalisha chini akaniambia, sikiliza gitaa la kulia kwanza, lile liingialo sikio la kulia, usijali jingine, halafu turudishe nyuma usikilize la kushoto. Na sasa mtu yule yule atutumie mchuuzi wa samaki? Siku hizo hizo ikawa imetufikia kanda mpya ya Wale Watatu, tuliyoingoja mpaka tukakata tamaa. Nikasema naenda mwenyewe na kanda naenda nayo. Kama ameacha kweli, anitazame usoni aniambie, nami nitamchukua kuwa amekufa kwetu na sanduku lake nitalibeba.

Ukunda hadi Ramisi, juu ya barafu

Mwajua mimi na subira hatujawahi kula sahani moja. Ndiyo maana nilimkubali Bwana Chaka, mwenye pikapu ipelekayo barafu Shimoni kwa wanunuzi wa samaki. Nilijiambia mtu wa barafu hawezi kuchelewa, mzigo wenyewe haumruhusu.

Kumbe simjui Bwana Chaka. Alisimama Gazi kumpa mtu pole ya msiba wa mwaka jana. Alisimama tena kununua madafu, akayanywa yote mawili yeye, langu na lake, kwa sababu mimi nilikataa kushuka. Nyuma yetu mapande ya barafu yamefunikwa magunia na maranda ya mbao, na maji yatiririka barabarani kama mtu aliyetoboa mtungi. Kila nikigeuka kutazama yeye aniambia nisiyaangalie, yataona haya.

Msambweni tukaingia kwa dada yake. Hapo nililetewa mahamri na mbaazi za nazi, mbaazi nzito zenye iliki kidogo, nikala nimesimama. Yule dada aliniuliza kama kuna mtu anifukuzaye. Nikasema hapana, ni mimi nimfukuzaye mtu, jambo ambalo sikupaswa kulisema mbele ya Bwana Chaka. Kutoka hapo hakuniacha. Huyo mtu ni mwanamume? Ndiyo. Basi ni mchumba. Si mchumba. Basi ni mume amekimbia. Nikamwambia wala si mume, ni mwenzangu wa nyimbo.

Tulipita mashamba, tukapita shule, mimi nikadhani amesahau.

"Mwenzangu wa nyimbo," akasema hatimaye. "Sisi siku zetu tulikuwa tukiita mahaba tu, yakaisha."

Ramisi, na mbuzi asiyekula

Ramisi tulikwama. Mvua zile kubwa zilikuwa zimeila barabara karibu na daraja, na mafundi walikuwa wakijaza mawe polepole, jiwe hili walitazame, walizungushe, walijadili. Magari yamepanga mstari hata nyuma kwenye miwa iliyoachwa ikaota ovyo. Nilikwenda kuwatazama mafundi, nikarudi. Nikaenda tena. Msimamizi wao akaniuliza kama mimi ni wa serikali.

Nikaketi chini ya kivuli cha lori karibu na mama mmoja wa bara ya Kwale, upande wa Kinango, aliyekuwa akimpeleka mbuzi kwa binti yake aliyejifungua. Alinipa muhogo wa kuchemsha na pilipili ya ndimu bila kuniuliza jina. Mimi nikachomeka kanda ya Wale Watatu. Mwajua ninavyovaa, hedifoni ndani ya ushungi, kiredio cha kanda kiunoni, buibui juu ya vyote, mtu haoni kitu.

Niwaambie ukweli, nilikuwa nimekwisha isikiliza mara nyingi, lakini pale Ramisi ndipo wimbo wa kwanza uliponiingia. Gitaa la kulia laanza peke yake, lauliza kitu kifupi, lanyamaza. Lauliza tena. Mara ya tatu ndipo la kushoto lajibu, kwa chini, kama mtu aliyekuwa chumba cha pili asitake kusema. Basi wanakwenda hivyo mpaka mwisho, huyu auliza huyu ajibu, na yule mwimbaji katikati hata hana habari nao. Nikafumba macho. Midomo yangu bila shaka ilikuwa ikicheza na kichwa kikienda, maana nilipofumbua, yule mama alikuwa amekaa kwa adabu, mikono mapajani, akiningoja.

Aliniomba radhi kwa kunikatiza. Akasema, ukimaliza uradi wako, mwanangu, niombee na huyu mbuzi, tangu jana hajatia kitu kinywani.

Ningemwambia nini? Kwamba nilikuwa nikiwafuata vijana watatu wa ng'ambo wenye magitaa? Nilimwekea mbuzi mkono kichwani, nikasoma Alhamdu, nikasoma kweli kwa moyo wangu wote, na mbuzi akainua shingo akala muhogo wangu, na ganda lake. Mama yule alinishika mikono akanishukuru hata nikaona aibu. Akawaita wenziwe wawili. Mmoja alikuwa na goti baya. Nikakimbilia pikapu.

Bwana Chaka huko nyuma alikuwa amekata tamaa na mzigo, akawa awagawia barafu wasafiri wote, na watu wazima wainyonya kama watoto. Daraja lilipofunguliwa tulivuka na nusu ya mzigo, wenye barafu yao Shimoni wakamfokea, naye akawajibu kwamba amechelewa kwa sababu ya bibi huyu na mwenzake wa nyimbo. Nililala kwa jamaa zake, bila usingizi.

Shimoni, mashua isiyokuwa yangu

Asubuhi niliiona mashua ya mashine ikijaza watu, nikauliza Wasini? Wakajibu Wasini. Nikaruka ndani. Mtu mwenye akili angeuliza Wasini gani. Ilinishusha mjini Wasini, mwisho wa magharibi, na Mkwiro iko mwisho wa mashariki. Nahodha nilipomlalamikia alisema hata yeye alishangaa, maana nilivyoruka alidhani nina mgonjwa. Mashua nyingine ya kwenda huko ingengoja maji yajae. Nikasema nitatembea.

Njia ile ni mawe ya matumbawe, makali, yala kandambili kuanzia kisigino. Moja ilikatika ukanda katikati ya pori, nikaifunga kwa kipande cha leso, nikaendelea nikilaani, kisha nikikumbuka mbuzi wa jana nikawa naomba msamaha. Nilikutana na mzee mmoja aliyebeba pweza kwenye kijiti. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza niendako. Nilipomtaja Bakari uso wake ulichangamka. Alisema kijana yule ameongoka, mashaallah. Redio ameuza. Pakipigwa ngoma ya arusi huondoka barazani. Siku hizi vijana wengine waambiwa wamwige.

Nilimshukuru. Nilipomwacha nilikaa juu ya jiwe, mimi nisiyekaa. Mpaka hapo, ndani kabisa, nilikuwa nikidhani ule ujumbe ni uchovu tu, au kiburi, kitu cha kugombana nacho. Sasa nikajiona mjinga aliyevuka bahari kumpelekea mtu dhambi aliyokwisha kuiacha. Nilitaka kurudi. Kilichonipeleka mbele si ujasiri, ni kwamba mbele kulikuwa karibu kuliko nyuma.

Mkwiro, jikoni kwa Bi Mwanaidi

Nilipiga hodi, nikakaribishwa na mama yake, Bi Mwanaidi, mwanamke mfupi mwenye macho yasiyopepesa. Bakari hayupo, alisema, atarudi baada ya alasiri. Jua lilikuwa bado halijafika kichwani. Mgeni wa kike haketishwi barazani kumngojea mwanamume, basi nilipelekwa jikoni, nikapewa mbuzi ya kukunia na nazi, na mwendo wangu wote ukaishia pale kwenye kigoda.

Nilikuna nazi. Nilichambua mchele. Nilipepea moto ambao haukutaka kupepewa. Kila mguu upitao nje nashtuka. Bi Mwanaidi aweka samaki juu ya makaa, ampaka tui zito la ukwaju, amgeuza, ampaka tena, na wakati wote anipima kwa jicho, zaidi hapa kiunoni, ambapo kiredio kilikuwa kimetuna chini ya buibui. Mwishowe akaweka kijiko chini.

"Mwanangu, una mwezi wa ngapi?"

Nazi iliniponyoka. Nikainua buibui nikamwonyesha, nikamweleza yote bila kupumua: hoteli, kanda, Wale Watatu, ujumbe, mimi si mchumba wala si mume wala sina mwezi wowote. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaguna.

"Ingekuwa mimba," akasema, "ningejua la kufanya."

Kisha, akiwa amenipa mgongo, akigeuza samaki wake, akaniambia mambo ambayo kijiji kizima hakikuyajua. Bakari hakutubia kitu. Alizama akiwa na mafua, akaenda chini kuliko alivyozoea, akapanda juu damu ikimtoka sikioni. Daktari alisema la kushoto halitasikia tena. Alikaa ndani siku nyingi. Alipouza redio, mtu wa kwanza kumuuliza sababu alijibiwa nimetubu, kwa kuwa hilo ni jibu lisiloulizwa jingine. Watu wakampongeza. Wakamwombea dua. Uongo ukishapongezwa, alisema Bi Mwanaidi, huna pa kuurudisha. Tangu hapo mwanawe ale, aende baharini, arudi, alale, asiseme na mtu, na kulala kwenyewe hulalia sikio zima makusudi, ili nyumba yote inyamaze.

Mimi nililia palepale, na moshi ukanisaidia. Nilikuwa nimemkasirikia mtu njia nzima, na yeye amefiwa.

Tulipokwisha kupakua aliniomba asikie hicho nilichokibeba. Nikamvisha hedifoni juu ya ushungi. Akasikiliza akiutazama ukuta. Aliniuliza huyu alia nini. Nikasema Kiingereza changu ni cha vyumbani, taulo na shuka, lakini nadhani amehama mji wao. Akauliza kama hana mtu wa kumwambia arudi. Akazirudisha hedifoni masikioni akaendelea kusikiliza, na wali ukapoa.

Barazani

Bakari alirudi baada ya alasiri, amekonda, kofia kichwani. Safari hii Bi Mwanaidi mwenyewe alinipeleka barazani, akaketi nasi kuweka heshima. Niliona jinsi Bakari alivyozunguka akakaa kwa namna ya kuniweka kuliani kwake. Alimuulizia Achieng', alimuulizia Mutua, kwa upole wa kumhoji mgeni wa mbali. Akasema sanduku liko chini ya kitanda, nisisahau kuzifunga kanda kwa nailoni. Mimi nikaitoa ile mpya, nikaiweka mkekani kati yetu, nikasema Wale Watatu wametoa nyingine.

Hakuigusa. Shingo yake ilicheza tu. "Nimetubu, Mwanamisi."

"Umetubia sikio?" mama yake akamuuliza.

Bakari, mtu mzima, aliinamisha kichwa, na nikajua tumemvua nguo mchana. Nilitaka niwe nimerudi kwenye yale mawe. Aliposema, alisema na mkeka.

"Nilijaribu. Nikivaa, namsikia wa kulia peke yake. Auliza, auliza, hapana amjibuye. Kwenye redio ya mama yote ni uji mmoja. Nikaona afadhali nisisikie kabisa."

Nililia tena, na bila shaka ni kwa ajili ya machozi yangu, kwa ustaarabu tu, alizichukua zile hedifoni. Na mnamjua Bakari na herufi zake. Hata katika huzuni ile alizigeuza kwanza kutafuta herufi ya kulia na ya kushoto, kila moja iende kwake, maana siku zote alituambia kuzivaa kinyume ni kumwingilia fundi wa kurekodi nyumbani kwake. Mara ngapi alimvua Mutua kichwani akamvisha upya? Akasikiliza wimbo wa kwanza wote. Akazivua, akaziweka mkekani taratibu.

"Wazuri," akasema. "Nusu yao, wazuri."

Mimi nikairudisha kanda mwanzo, si kwa sababu yoyote, ni mikono tu isiyotulia. Bi Mwanaidi akadhani nimeirudisha ili asikilize tena. Akaziokota hedifoni akamvisha mwanawe juu ya kofia, vile alivyoziokota, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, naye asijue zina pande. Nikabonyeza.

Bakari aliinua mkono kuzirekebisha, mazoea. Mkono haukufika. Ulibaki pale karibu na shavu. Nami najua alichokisikia, kwa kuwa najua wimbo: hakusikia kitu, kisha hakusikia kitu, kisha kwa chini yule wa chumba cha pili akajibu.

"Kumbe yupo," akasema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia.

Wimbo ukaenda. Majibu yakawa yamjia yeye, na maswali hayapo. Sasa maswali alikuwa ametoka kuyasikia punde, na Bakari akishasikia kitu mara moja amekiweka. Basi akaanza kuyaimba mwenyewe. Kwa pua kwanza, kisha kwa kinywa wazi, bila maneno, akiuliza kwa mdomo na kujibiwa sikioni, amepotoka sauti kabisa, machozi yatiririka, aning'inia kwenye kila jibu. Pale pale barazani, mchana mweupe, watu watoka msikitini kwenye darasa la alasiri.

Wakasimama. Mbele yao alikuwa maalim wa kijiji, mtu mzima, mwenye haki ya kuuliza. Aliuliza kwa upole kama huyu si yule kijana aliyetubu.

Bi Mwanaidi hakuinuka.

"Muache, Maalim," akasema. "Nyumba hii imekuwa kimya tangu mwezi wa mfungo tatu."